Umeingia, ila mfumo haukujui: matatizo ya kuunganisha akaunti za chuo na namna ya kuyatatua

"Shikamoo mwalimu. Nimeingia, ila mfumo haunijui."

Dada aliyesema hivyo alikuwa ametoka Newala alfajiri. Alianza kwetu ngazi ya astashahada, akaunganisha stashahada, na sasa yuko mwaka wa kwanza wa shahada. Namba tatu za usajili, akaunti tatu, paswedi tatu alizoziandika nyuma ya kava la daftari. Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kuanzia muhula ule kila mtu ataingia kwa jina moja na nenosiri moja: matokeo, Moodle (mfumo wa masomo na kazi za mtandaoni), maktaba, barua pepe na Wi-Fi. Akaingia vizuri tu. Alichokikuta ndani ni ukurasa mweupe unaomwambia kwamba hajasajiliwa kwenye somo lolote.

Nakaa dirisha la TEHAMA la chuo kimoja hapa Mtwara. Wiki zile za kwanza za mlango mmoja, yaani huko kuingia kote kwa jina na nenosiri moja, wengi waliopanga foleni wakisema "paswedi inagoma" paswedi zao zilikuwa nzima. Kilichogoma ni ulinganishaji: mfumo ulishindwa kujua kwamba akaunti hii na ile ni za mtu mmoja, au, kibaya zaidi, uliamini kwamba watu wawili ni mmoja. Nawaandikia wenzangu wanaokaa madirisha kama langu, Mtwara, Lindi na kwingineko. Mwanafunzi naye akisoma atajua la kutuambia akifika.

Anakwama nani, na anakwama wapi?

Kabla hujagusa kibodi, uliza mawili. Ni wewe peke yako au na wenzako darasani? Ni mfumo mmoja au yote?

Mtu mmoja akikwama kila mahali, tatizo liko kwenye akaunti yake ya mlangoni: imefungwa, imeisha muda, au nenosiri kweli limekosewa. Akikwama kwenye mfumo mmoja tu, mfumo ule ndio haujamtambua. Wote wakikwama kwenye mfumo mmoja, waache wanafunzi wapumzike. Kaangalie cheti cha sahihi cha mfumo huo, kama hakijaisha muda, na mipangilio ambayo mtu aliichezea jana. Wote, kila mahali: ni umeme, intaneti, au seva ya utambulisho yenyewe, ile inayohakiki jina na nenosiri mlangoni.

Nimeshuhudia mwanafunzi akibadilishiwa nenosiri mara nne kwa siku moja kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali la pili. Matokeo alikuwa anayaona. Ni Moodle tu iliyomkataa, na Moodle haikuwa na habari na nenosiri lake.

Mtu wa korosho ataelewa upesi kwa nini. Katika stakabadhi ghalani mkulima hupima mzigo wake kwenye chama cha msingi, korosho zinakwenda ghala kuu, na mnadani kinachozungumza ni karatasi. Mnunuzi haendi Tandahimba kupima upya gunia kwa gunia nyumbani kwa mtu. Mlango mmoja unafanya vivyo hivyo. Seva ya utambulisho inakupima mara moja, kwa jina na nenosiri na pengine msimbo wa simu, kisha inakuandikia hati yenye sahihi ya kidijitali. Moodle, mfumo wa matokeo na maktaba havioni nenosiri lako kamwe. Vinasoma hati tu. Njia ziko mbili zinazotumika sana, SAML 2.0 ya mwaka 2005 na OpenID Connect ya 2014, na kwa zote mbili swali la fundi ni lilelile: hati imeandikwa nini, na mfumo unaoipokea unalinganisha maandishi hayo na nini?

"Nimeingia, ila masomo yangu hayapo"

Hili ndilo lililomleta dada wa Newala, na ndilo utakalolisikia zaidi. Hati ilifika Moodle ikiwa na jina jipya. Moodle ikalitafuta kwenye orodha yake, isilione, na kwa kuwa ilikuwa imeruhusiwa kufungua akaunti yenyewe, ikafungua. Akaunti ya zamani haijafutika. Ipo palepale na kazi zake zote.

Mchawi wa kwanza ni mkwaju, alama hii: /. Namba zetu za usajili zimejaa mikwaju. Active Directory, orodha ya watumiaji ya Microsoft, haikubali mkwaju kwenye jina fupi la kuingilia. Moodle nayo, kama haijaruhusiwa alama za ziada, inakubali herufi ndogo, tarakimu, kistari, kistari cha chini, nukta na @ tu. Kwa hiyo aliyepakia majina mwaka mmoja aliifuta mikwaju, aliyempokea kazi akaweka vistari mahali pake, na mfumo wa ada ukabaki na mikwaju yake. Mimi na wewe tukisoma tunaona namba moja. Kompyuta inaona watu watatu.

Mchawi wa pili ni urefu. Jina fupi la Active Directory mwisho wake ni herufi 20. Chukua namba ya mfano, DIP-UHASIBU-2021-00147. Ihesabu: 22. Skripti ya kuhamisha majina ikiikata inabaki DIP-UHASIBU-2021-001, na hapo wote kuanzia wa 00100 hadi wa 00199 wamekuwa jina moja. Wa kwanza anapita. Wa pili anakataliwa, au anabandikwa tarakimu ya ajabu ambayo hakuna aliyemwambia. Yeye anaandika namba yake kamili kama ilivyo kwenye kitambulisho, anaambiwa hayupo. Ukiona malalamiko yanatoka kozi moja yenye jina refu huku kozi nyingine zimetulia, hesabu herufi kabla ya kitu kingine chochote.

Mchawi wa tatu ni njia ya kuingilia: hapa mwanafunzi anakataliwa kabisa, haoni hata ukurasa mweupe. Jina linalingana, lakini akaunti yake ya Moodle imeandikwa kwamba inaingiliwa kwa njia ya mkono, yaani kwa nenosiri la Moodle yenyewe. Badilisha njia ya kuingilia iwe ya mlango mpya. Kama ni darasa zima, pakia faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) lenye majina ya watumiaji na safu hiyo badala ya kubofya mtu mmoja mmoja hadi jioni.

Sasa dawa ya ukurasa mweupe. Wengi wanakimbilia kuunganisha. Mimi nasema ngoja. Ndani ya Moodle, alama, kazi na usajili wa masomo havijafungwa kwenye jina la mtumiaji. Vimefungwa kwenye namba ya ndani ambayo mwanafunzi haioni. Jina ni lebo tu, unaweza kulihamisha. Akaunti mpya ikiwa tupu kabisa, ipe jina lingine la kupitisha muda, kwa mfano uongeze "-tupu" mwishoni, kisha ile ya zamani uipe jina lililo kwenye hati, ubadilishe njia ya kuingilia, basi. Lazima uanze na ile tupu, kwa sababu Moodle haikubali watu wawili wenye jina moja. Hakuna kilichounganishwa na hakuna kilichofutwa. Ukikosea unarudisha lebo.

Kwa yule dada nilitafuta kwa jina la babu yake nikakuta akaunti nne, si tatu. Ya nne ndiyo mlango ulimfungulia asubuhi ileile. Masomo ya shahada yalikuwa kwenye akaunti yenye vistari, kwa hiyo hiyo ndiyo iliyopewa jina jipya. Mbili za zamani nilizisimamisha bila kuzifuta. Akaniuliza, "Na zile kazi zangu za stashahada je?" Zipo, na matokeo yake rasmi yako kwenye mfumo wa kumbukumbu za kitaaluma, ambao haukuguswa. Kazi yenyewe ilichukua dakika kumi. Nusu saa nyingine tuliungoja mtandao.

Kuunganisha kwa kweli kunakuja pale ambapo akaunti zote mbili zina kazi hai. Mwanafunzi ameona ukurasa mweupe, hakusema, akajiandikisha upya kwenye masomo na kufanya majaribio wiki tatu. Hapo iko programu-jalizi ya Moodle ya kuunganisha watumiaji. Inakuuliza abaki nani na aondoke nani, inahamisha rekodi za anayeondoka, kisha inamsimamisha. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, maana kitendo hiki hakina kitufe cha kurudi nyuma. Angalia sana majaribio yaliyofanywa pande zote mbili: mpangilio mmoja unayabakisha yote, mwingine unafuta ya upande mmoja. Mwite mwalimu wa somo aamue. Fundi wa kompyuta hana mamlaka ya kuchagua alama ipi ihesabiwe.

"Naona matokeo ya mtu mwingine"

Hapa acha kila kitu, hata foleni ikinung'unika. Yote mengine yanasumbua, hili linaumiza. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na mwanafunzi kusoma matokeo au deni la mwenzake si jambo la kumalizana dirishani kwa kicheko.

Kwanza ondoa uwezekano mwepesi. Muulize ameonea wapi. Akisema steshenari, huenda aliyemtangulia kwenye kompyuta ile hakutoka. Mwambie afungue dirisha la faragha kwenye simu yake, aandike jina na nenosiri mwenyewe. Akijiona yeye, tatizo lilikuwa steshenari, na hilo nitalirudia. Akiendelea kumwona yule mwingine, zuia akaunti zote mbili muda huohuo, andika saa, mjulishe mkuu wako, ndipo utafute chanzo.

Chanzo nilichokutana nacho mara nyingi kuliko vingine ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Ni ufunguo mzuri kwa sababu kila mwanafunzi anaijua kwa moyo, Bodi ya Mikopo inaitumia, na haibadiliki mtu akihama kozi. Ina sehemu tatu: kituo, mtahiniwa, mwaka. Tatizo ni sehemu ya tatu. Mtahiniwa wa 0023 wa shule fulani yupo mwaka 2016, na yupo mwaka 2017, na ni watu wawili wasiojuana. Mfumo mmoja ukihifadhi namba bila mwaka, hati ya mdogo inafungua chumba cha mkubwa. Nimewahi kukuta safu ya mwaka ikiwa tupu kwa sababu Excel ya mtu ilikata kila kilichofuata mkwaju wa pili. Watu walioathirika walikuwa wamesoma shule moja, wilaya moja, mwaka mmoja nyuma ya mwenzake. Kwa mikoa kama yetu, ambako wanafunzi wengi wa chuo wanatoka shule zilezile za jirani, kugongana huko hakushangazi.

Ipo na sura ya pili ya namba hiyo. Aliyerudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ana namba inayoanza na P, pamoja na ile ya S ya shuleni. Zote mbili ni zake kihalali. Udahili ulipokea ya P, mkopo ukaombwa kwa ya S, na mlango mmoja ukaona watu wawili. Huyu haoni matokeo ya mtu. Anaonekana nusu huku na nusu kule. Weka nafasi ya namba zaidi ya moja kwenye rekodi yake, usimlazimishe kuchagua.

Chanzo cha pili ni majina. Kuunganisha kwa majina usikubali hata ukisukumwa vipi. Huku kwetu Athumani ni Athuman ni Othman, Hadija ni Khadija, Mohamedi ana tahajia nne, na Salumu anapoteza "u" yake kila anapojaza fomu ya kizungu. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, NIDA ina matatu, cheti cha kidato cha nne kina majina aliyoandikisha mwalimu wa darasa la saba. Geuza upande wa pili: kijiji kimoja kinaweza kuwa na Hamisi Saidi Hamisi watatu, wote kweli. Majina yatumie kushuku tu. Kuthibitisha ni kazi ya namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hata kabla ya kuihakiki popote unaweza kuilinganisha na tarehe iliyo kwenye rekodi ya udahili. Zikipishana, kuna mtu alikosea kuandika, au umeshika namba ya ndugu yake.

Cha tatu ni anwani iliyotumika tena. Mwanafunzi amehitimu, barua pepe yake ikafutwa, miaka miwili baadaye akaja mwenye jina kama lake akapewa ileile. Mfumo uliokuwa unalinganisha kwa barua pepe unamkaribisha mgeni kwenye kabati la mwenzake. Kanuni za OpenID Connect zinakataza waziwazi kutumia barua pepe kama utambulisho wa kipekee. Kinachotakiwa ni kile kitambulisho cha ndani kinachoitwa "sub", kikisomwa pamoja na jina la seva iliyokitoa, kwa sababu hakigawiwi mtu mwingine. Ukiwa na SAML, chagua sifa, yaani taarifa ya mtu iliyomo kwenye hati, isiyorithishwa. Na anwani za wahitimu ziache zilale, usizigawe upya.

Steshenari

Naipa kichwa chake kwa sababu huku ndiko akaunti nyingi zinakozaliwa. Kijana amemaliza kidato cha sita Masasi au Nachingwea, hana kompyuta, anakwenda steshenari kuomba chuo. Mwenye duka anamfungulia kila kitu kwa haraka, na kwenye nafasi ya simu ya kurejeshea nenosiri anaweka namba yake mwenyewe, au barua pepe yake, ileile aliyoweka kwa waombaji arobaini waliotangulia.

Dalili ni mbili. Mwanafunzi anasema msimbo hauji. Unakuja, ila unalia kwenye simu iliyoko Masasi. Au mfumo unakataa kusajili barua pepe kwa madai kwamba tayari ina mwenyewe. Ukiona barua pepe moja inajirudia kwa watu wengi kwenye faili la udahili, iondoe kwenye ulinganishaji kabla hujawasha mlango mmoja, la sivyo siku ya kwanza utaunganisha waombaji arobaini kuwa mtu mmoja. Simwoni mwenye steshenari kama mwizi; alikuwa anasaidia, na fomu ilidai anwani ambayo mtoto hana. Lakini namba ya kurejeshea ibadilishwe mwanafunzi akiwa mbele yako na laini yake mkononi.

Lingine la steshenari ni kutoka. Zamani ukitoka Moodle umetoka. Kwa mlango mmoja ukibofya kutoka ndani ya Moodle unaweza kuwa umefunga chumba tu, mlango mkubwa ukabaki wazi: anayekaa baada yako anabofya "ingia" na anaingia kwa jina lako bila kuulizwa kitu. Matokeo, ada, barua pepe, vyote. Jaribu mwenyewe kwenye mifumo yenu. Kama kutoka kwa mfumo mmoja hakukutoi mlangoni, weka anwani ya kutokea kwenye ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, na waambie wanafunzi wafunge kivinjari chote au watumie dirisha la faragha.

"Paswedi ni sahihi kabisa, wallahi"

Mara nyingi anasema kweli. Amebadilisha nenosiri asubuhi, limekubali, saa sita akaunti imefungwa. Umeifungua, saa nane imefungwa tena. Mtuhumiwa yuko mfukoni mwake: simu iliyohifadhi nenosiri la zamani la Wi-Fi au la barua pepe inajaribu kuingia kila inapoona mtandao, na seva inahesabu kila jaribio kama kosa. Sahau mtandao ule kwenye simu, futa akaunti ya barua pepe, weka upya. Uliza na simu ya pili, na tableti aliyomwachia mdogo wake hosteli. Kumbukumbu za seva zitakuonyesha majaribio yanayopishana kwa muda ulio sawasawa, kama saa ya ukutani. Vidole vya mtu havina mpangilio huo.

Kivinjari nacho kinajaza nenosiri lililohifadhiwa na mtu hatazami kilichojazwa. Futa lililohifadhiwa, andika kwa mkono.

Inazunguka tu, haifiki

Ukurasa wa kuingia unakupeleka Moodle, Moodle inakurudisha mlangoni, mlango unakupeleka Moodle. Kwenye simu ya mwanafunzi futa vidakuzi (cookies) vya tovuti ya chuo, na hakikisha kivinjari hakijazuia vidakuzi vyote. Vile vya kuokoa bando mara nyingine vinafanya hivyo. Ikiendelea, angalia saa.

Saa ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hati ya SAML ina muda wa kuanza na wa kuisha, na pengo ni dogo. Kerberos, utaratibu wa kuingia unaotumiwa na Active Directory, kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Msimbo wa programu ya simu kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Kompyuta za maabara zetu ni za siku nyingi, betri ndogo ya kwenye ubao mama imeshakufa, na umeme ukikatika, nao unakatika hata kwenye mji unaokaa jirani na visima vya gesi vya Msimbati, mashine inaamka ikidhani ni miaka kumi na kitu iliyopita. Kila cheti inachokiona inakikataa. Betri ile ni ya bei ndogo. Nunua pakiti. Seva zote ziwe zinachukua saa kutoka chanzo kimoja cha NTP (huduma ya kulinganisha saa kwa mtandao), na mwanafunzi aliyepanga saa ya simu kwa mkono aiweke ijipange yenyewe.

Mtumishi ambaye pia ni mwanafunzi

Karani wa maktaba anasoma shahada jioni. Mhadhiri msaidizi anasoma umahiri. Akiingia anaona upande mmoja tu, kwa kawaida ule uliopakiwa mwisho. Usimpe utambulisho wa pili, hapo utakuwa umerudi ulikotoka. Mtu ni mmoja, nafasi ni mbili, na hati inaweza kubeba zote mbili kwenye sifa ileile. Kinachohitaji mjadala ni ruhusa: mhadhiri msaidizi asiweze kufungua kitabu cha alama cha somo analolisoma yeye. Hilo ni la idara, lipeleke idara.

Google na Wi-Fi, kwa kifupi

Aliyejifungulia Google ya binafsi kwa anwani ya chuo kabla chuo hakijajiunga na Google ataulizwa achague kati ya akaunti mbili zenye anwani moja. Ile ya binafsi inaweza kupewa jina la muda lenye mwisho wa gtempaccount.com. Haijaibiwa, faili zake zimo. Ahamishe anazozitaka, basi. Na kwenye eduroam, Wi-Fi inayotumika vyuo vingi kwa akaunti ya chuo chako, andika jina lote hadi @ na kikoa cha chuo (anwani yake ya mtandaoni), hata kama hapa kampasi linakubali bila hiyo. Ukifika chuo kingine Dar es Salaam, seva yao inahitaji kikoa ili ijue ikuulizie wapi.

Siku ambayo wote wanakwama

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Moodle yetu iko chumba cha pili kutoka kiti changu. Taa zinawaka, mtandao wa ndani mzima. Lakini mlango uliwekwa kwenye seva za ng'ambo, kwa hiyo mwanafunzi aliyekaa mita 10 kutoka kwenye Moodle hakuweza kuifikia. Tangu siku hiyo tuna akaunti mbili za dharura za wasimamizi zinazoingia moja kwa moja bila kupita mlangoni, nenosiri zake zimo kwenye bahasha ndani ya kabati la mkuu. Kama mnaweza kuweka seva ya utambulisho, kwa mfano kwa programu ya Keycloak, hapohapo chuoni au walau ndani ya nchi, wekeni.

Kumthibitisha aliye mbali

Mwanzoni mwa mwezi uleule kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika maeneo ya Somanga. Wanafunzi wetu waliokuwa mafunzo kwa vitendo kaskazini ya hapo hawakuweza kuja dirishani, na wengine akaunti zao zilikuwa hazijaunganishwa. Tukawapigia. Na hapa ndipo pa kuwa mkali: piga namba iliyokuwa kwenye rekodi kabla ya ombi, usipige anayokutajia leo kwenye ujumbe. Muulize kitu kisichoandikwa kwenye kitambulisho, mfano kiasi cha malipo yake ya mwisho ya ada au somo alilorudia. Namba ya rekodi ikiwa ni ya steshenari, asubiri. Nilitukanwa na watu wawili kwa msimamo huo na sijajuta.

Kila unapounganisha, andika kwenye rejesta: jina la zamani, jina jipya, tarehe, aliyeidhinisha. Akaunti ya zamani isimamishe, uiache hivyo hadi mitihani ya marudio ya mwaka huo ipite, kwa sababu wa marudio ndiye anayekuja mwisho na ndiye mwenye kazi kwenye akaunti uliyoisahau.

Mwanafunzi asiondoke dirishani kwa maneno. Aingie kwa simu yake mwenyewe, afungue Moodle, matokeo na barua pepe ukiona, atoke. Kisha mwambie ajaribu kuingia kwa jina na paswedi ya zamani. Ikikubali, mrudishe kwenye kiti.